Uhuru Wetu, Uhuru Wenu

Tarehe 28 Juni 1989, sikukuu ya Mtakatifu Vitus, umati mkubwa wa Waserbia ulifurika Gazimestan, Kosovo, kuadhimisha miaka 600 tangu vita ambamo Mwanamfalme Lazar aliuawa na jeshi la Waosmani. Kanisa la Othodoksi la Serbia linamhesabu Lazar kuwa mtakatifu. Masimulizi ya watu wake yanasema aliuacha ufalme wa dunia akachagua wa mbinguni. Kabla ya siku hiyo mifupa yake ilikuwa imezungushwa monasteri hadi monasteri. Ndipo Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, akashuka kwa helikopta kuhutubia.

Anayeisoma hotuba hiyo leo hushangaa. Imejaa maneno ya umoja. Inakiri kwamba Serbia haijawahi kukaliwa na Waserbia peke yao, na inalihesabu jambo hilo kuwa heri. Lakini inasema pia kwamba, karne sita baadaye, Waserbia wamo tena katika mapambano. Si ya silaha, ingawa hata hayo yanawezekana. Miezi mitatu tu nyuma Kosovo ilikuwa imepunguziwa mno mamlaka yake ya ndani, na wengi wa wakazi wake ni Waalbania, tena Waislamu. Kiongozi anayegusia silaha kwenye kumbukumbu ya mtakatifu aliyeuawa na Waislamu hana haja ya kumtaja jirani kwa jina. Jirani amekwisha kusikia.

Kwetu Tanzania tumezoea sura nyingine. Kwenye sherehe za taifa sheikh huomba dua, padri husali, mchungaji naye husali, ndipo wanasiasa huhutubia. Wapo wanaoona dua hizo zinarefusha jua la uwanjani. Mimi naona ni kinga kubwa: Mungu amekwisha kuitwa na wote kabla mwanasiasa hajapata nafasi ya kumfanya wa kwake. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa dhati, lakini alama iliyopandishwa Kilimanjaro uhuru ulipopatikana mwaka 1961 ilikuwa mwenge, ambao Mwislamu na Mkristo waliweza kuutazama kwa jicho moja.

Sisemi dini isiguswe, wala hotuba isimkwaze mtu. Tarehe 5 Julai 1852, mjini Rochester, jimbo la New York, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alihutubia kuhusu sikukuu ya uhuru wa Marekani. Alishika neno moja, “yenu”: sikukuu yenu, uhuru wenu, baba zenu. Aliikumbusha hadhira Zaburi ya mateka wa Babeli walioamriwa kuimba ugenini, akayashutumu makanisa kwa kuukingia utumwa kifua. Maneno yake yalikuwa makali kuliko yote ya Gazimestan. Lakini Douglass hakuweka mpaka. Aliutaja ule uliokwisha kuwekwa na sheria, naye alikuwa upande wa waliofungiwa nje, akidai kuingia.

Donald Trump alipohutubia kwenye mlima wa Mount Rushmore, uliochongwa sura za marais wa Marekani, tarehe 3 Julai 2020, mkesha wa sikukuu hiyo ya uhuru, alikuwa ndani, tena ndiye mwenye funguo. Alisema kila mtoto wa kila rangi ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kauli ambayo muumini yeyote angeiitikia amina. Katika hotuba hiyohiyo alidai kwamba ufashisti mpya wa mrengo mkali wa kushoto umeingia shuleni, kwenye vyumba vya habari na hata kwenye kampuni. Hapo mwalimu na mwandishi wa habari waliokuwa nyumbani wakisherehekea waligeuzwa maadui wa sikukuu yao wenyewe. Hilo ni kosa zito kwa rais, kwa sababu siku hiyo hasemi kwa niaba ya chama, na raia aliyetengwa hana taifa lingine la kusherehekea.

Siku hiyohiyo Walakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa barabarani wakipinga. Milima ile waliahidiwa kwa mkataba wa mwaka 1868, wakanyang'anywa mwaka 1877. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki ya fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Hawajaipokea. Wanataka ardhi yao.