Bulla Karatasi: mtaa uliochomwa Garissa, 1980

Bulla Karatasi ni mtaa wa Garissa, mji ulio kando ya mto Tana. Watu wa Kaskazini Mashariki hawajausahau moto wa Novemba 1980. Baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliutia moto mtaa huo, vikisema vinamsaka jambazi mmoja. Wakazi walikusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakashikiliwa siku tatu bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Mkoa huo ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Disemba 1963, vita vya Shifta vilipoanza. Mapatano ya 1967 yalimaliza vita, lakini sheria zile ziliondolewa 1991 tu.

Zaidi ya miaka mitatu baada ya moto wa Bulla Karatasi ikafuata Wagalla. Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walizuiliwa juani katika uwanja wa ndege karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi huenda ikakaribia 1,000.

Ni kumbukumbu gani zimebaki? Nyumba nyepesi ikiungua haiachi gofu. Kilichobaki ni mahali penyewe, pamoja na maneno. Waborana wa Isiolo huuita wakati wa Shifta *gaf Daba*, yaani siku za kuzuiliwa, kwa kuwa walitiwa kambini na mifugo yao ikateketea.

Nasi watu wa Pwani tumo katika tarikhi hii. Sheria ya Kinga ya 1970, iliyowazuia waathirika kushtaki maafisa kwa waliyotenda wakati wa vita, ilitaja pia wilaya za Tana River na Lamu. Wabajuni wengi wa bara ya Lamu walihama vijiji vyao wakati ule, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Wako ambao hawakurudi tena.

Aliyekuwa na miaka kumi Bulla Karatasi ilipoungua sasa ameshapita hamsini. Wazazi wake, walioyajua majina ya majirani nyumba kwa nyumba, wanazidi kupungua. Majina hayo yasipoandikwa sasa, hesabu ile inayobishaniwa haitapata tena wa kuisahihisha.