Neno "Press" na Shilingi ya Mfalme

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo wanafunzi hudhani wamekwisha kuvijua, kimoja ni "press". Mwalimu akiwaambia watunge sentensi, huleta upesi ile ya kubonyeza kengele, na ile ya kukamua zabibu, na ile ya kupiga nguo pasi. Aliyeendelea kidogo huandika "They pressed him to stay", yaani walimshikilia sana asiondoke. Zote ni sahihi, na zote ni za ukoo mmoja, maana zatoka katika kitenzi cha Kilatini cha kugandamiza, kilichopita katika Kifaransa cha kale kikaingia Uingereza yapata karne ya 14. Lakini wakikuta kitabuni sentensi hii, "The sailor was pressed into the Navy", huifasiri vivyo hivyo, kwamba baharia yule alisukumwa mpaka akaingia manowarini. Maana wameipata, bali asili imewapita. "Press" hii ni neno jingine kabisa, kama vile kaa la moto lisivyo na udugu na kaa wa pwani. Na hapo mwanzo halikuwa na habari ya nguvu hata kidogo. Lilikuwa na habari ya kukopesha.

Katika Kifaransa cha kale "prest" ni mkopo, au fedha iliyotangulizwa. Mtu aliyekubali kuwa askari au baharia wa mfalme wa Uingereza alitiwa mkononi fedha kidogo kabla ya kazi, na fedha hiyo ndiyo iliyoitwa "prest". Aliyekwisha kuipokea amefungwa. Akiondoka ni mtoro. Jambo hili si geni kwetu. Mwenye kununua shamba hutoa arubuni, na wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 walipokea mshahara wa miezi kadhaa kabla hawajainua mzigo. Arubuni ni mapatano ya halali. Lakini kurubuni, neno ambalo sikioni ni kama ndugu yake, ni kumvuta mtu kwa hila. Njia iliyo kati ya maneno haya mawili ndiyo iliyopitwa na "prest" huko Uingereza, ila yenyewe haikukoma kwenye hila.

Vita vilipozidi, watu wa hiari hawakutosha. Basi wakubwa wa mfalme wakapewa amri ya kumtilia fedha mkononi wamtakaye, apende asipende. Katika karne ya 16 ile herufi ya mwisho ikaanguka vinywani mwa watu, "prest" ikawa "press", wala hapana ajabu: aliyekamatwa namna hiyo alijiona amegandamizwa, si amekopeshwa. Mwishoni mwa karne hiyo Shakespeare aliandika michezo ya Mfalme Henry wa Nne, na ndani yake yumo Falstaff, aliyetumwa kuandikisha askari. Huwaacha wenye kujikomboa kwa fedha, akawachukua wanyonge.

Walakini neno hili lilipata nguvu zake zote baharini, katika karne ya 18. Mshahara wa baharia mzoefu wa manowari (neno tulilolipata kwa Waingereza wenyewe) uliwekwa mwaka wa 1653 kuwa shilingi 24 kwa mwezi, ukakaa hivyo hivyo mpaka mabaharia walipogoma mwaka wa 1797. Wakati wa vita merikebu za biashara zililipa zaidi sana. Serikali ingaliweza kuongeza mshahara. Iliona ni rahisi kukamata. Vikosi vya wakamataji vilizunguka bandarini, navyo vilipenda hasa kuzingojea merikebu zinazorudi, kwa kuwa humo mna watu waliokwisha jifunza kazi. Mtu ametoka safari ya Bara Hindi, ameiona pwani ya kwao kwa macho yake, mara mashua ya mfalme yaja ubavuni, naye ahamishwa manowarini pasipo kukanyaga nchi kavu. Sheria ya mwaka wa 1740 iliwaachilia walio chini ya miaka 18 na waliopita miaka 55. Wengi wa waliosalia walikuwa halali ya wakamataji.

Na shilingi ilikuwapo bado! Watu husimulia kwamba ilitumbukizwa kwa siri katika kikombe cha pombe, mnywaji akashtukia amekwisha kuipokea. Mimi siisadiki hadithi hii, kwa maana mwenye ruhusa ya kukamata kwa nguvu ana haja gani ya kuficha shilingi? Hila iliyo kweli ilikuwa katika daftari. Aliyekamatwa aliulizwa kama apenda kujiandika kuwa mtu wa hiari, apate bahashishi. Wengi walikubali, kwani kukataa hakukumrudisha mtu nyumbani. Basi daftari zikaandika "vol." penye jina la huyu na "prest" penye jina la yule, nao wote wawili walikuwa wamekamatwa. Asomaye daftari hizo leo na kuhesabu watu wa hiari, na ahesabu kwa hadhari.

Si wote walionyamaza. Mwaka wa 1743 baharia Alexander Broadfoot alimwua kwa bunduki mmoja wa wakamataji waliopanda merikebu yake karibu na Bristol. Hakimu Michael Foster alitetea kwa maneno mengi haki ya mfalme ya kukamata mabaharia. Hata hivyo Broadfoot hakuhukumiwa kuwa ameua kwa kusudi, kwa sababu ofisa aliyetajwa katika hati hakuwapo pale, na kwa hiyo wale watu hawakuwa na amri. Mwaka wa 1747 Commodore Charles Knowles alipokamata watu katika bandari ya Boston, mji ulifanya ghasia siku tatu. Mwaka wa 1807, karibu na pwani ya Virginia, manowari ya Kiingereza Leopard iliipiga mizinga Chesapeake ya Wamarekani, ikaua watu 3 na kujeruhi 18, ikachukua wanne ilioita watoro. Marekani ilipotangaza vita mwaka wa 1812, kukamatwa kwa mabaharia kulikuwa miongoni mwa sababu ilizozitaja. Mkataba wa amani wa Desemba 1814 haukusema neno juu yake.

Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka wa 1815, vikosi vile vilikoma. Mwaka wa 1835 sheria iliweka kwamba aliyekamatwa asizuiliwe zaidi ya miaka mitano, na tangu mwaka wa 1853 mabaharia waliandikwa kwa mapatano ya miaka kumi.

Ukoo ule wa mkopo una mtoto mmoja aliyebaki na tabia ya babu yake. Karani wa serikali atumwapo safari hutangulizwa fedha, nazo kwa Kiswahili ni masurufu. Hati yake ikiwa ya Kiingereza, huandikwa "imprest". Akirudi hutakiwa kuleta hesabu.