Injini ya akiba katika Ziwa Tanganyika: mambo ya kukagua kabla ya kununua iliyokwisha kutumika

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na katika sehemu nyingi ukingo wake hushuka ghafla kiasi kwamba mwendo mfupi tu kutoka ufukweni nanga haigusi tena chini. Kwa anayevuka kutoka Rumonge nchini Burundi kwenda Baraka, upande wa Kongo, maana yake ni kwamba injini ikizimika katikati ya maji, hakuna pa kutia nanga na kusubiri msaada. Mashua huchukuliwa na upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, ambao ni karibu kilomita 670, na mawimbi huwa yamekwisha kukua yanapofika kaskazini. Chombo kisichoweza kujielekeza huyageuzia mawimbi hayo ubavu, na hapo ndipo maji huanza kuingia.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye mashua, wavuvi wa ndagala na wasafirishaji wa abiria, hufunga injini ndogo ya pili nyuma ya chombo, pembeni mwa ile kuu. Injini mpya ni ghali, hivyo wengi hutafuta iliyokwisha kutumika. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuipima kwa vigezo vya injini kuu, yaani mbio na nguvu. Injini ya akiba ina kazi tofauti. Inatakiwa kuwaka kwa kuvutwa kwa mkono, gizani, baada ya kulala majuma kadhaa, na kuipeleka mashua taratibu huku omo ikielekea mawimbi. Ikishindwa kuwaka, huwa ni mzigo tu.

Nguvu kubwa haihitajiki. Mashua ya mita 7 inayokwenda kwa kupasua maji, bila kuruka juu yake, haivuki sana kilomita 12 kwa saa hata ikiongezewa injini, na kwa kurudi salama nusu ya mwendo huo yatosha. Kwa chombo cha ukubwa huo kisicho na shehena nzito, injini ya nguvu za farasi 8 hufaa. Kikibeba mizigo mingi, 15 si nyingi. Uzito nao uangaliwe. Injini ya mipigo miwili, ile ambayo petroli yake huchanganywa na oili, yenye nguvu za farasi 15, huwa na takriban kilo 36, wakati ya mipigo minne yenye nguvu hizohizo huweza kuzidi kilo 50. Ya mipigo minne hunywa petroli kidogo zaidi, lakini kwa akiba inayowashwa kwa nadra faida hiyo ni ndogo, na mafundi wa mialo mingi wameizoea zaidi ile ya mipigo miwili.

Urefu wa mguu wa injini husahauliwa mno. Ule mfupi hupimwa kwa ubao wa nyuma wa mashua wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na ule mrefu kwa sentimita 51. Mashua nyingi za mbao zina ubao wa nyuma ulioinuka. Injini ya mguu mfupi ikifungwa hapo, itaendesha vizuri siku ya utulivu. Siku ya mawimbi rafadha itatoka majini kila tezi inapoinuka, injini itapiga kelele bure na mashua haitasogea. Mnunuzi apime ubao wake kabla ya kuondoka nyumbani.

Mbele ya muuzaji, jambo la kwanza ni kuondoa kifuniko na kuweka kiganja juu ya silinda. Ikiwa ina joto, injini imewashwa kabla mnunuzi hajafika, na huenda ipo sababu. Heri kusubiri ipoe kabisa, hata kama ni saa mbili, kwani kuwaka kwa baridi ndiko kunakonunuliwa. Mivuto mitatu au minne inakubalika. Mivuto kumi na mitano haikubaliki, hata muuzaji akiapa kwamba ni plagi tu.

Jaribio lifanyike ndani ya pipa la maji au mashua ikiwa ziwani, kamwe si nchi kavu, kwa kuwa pampu ya maji ina feni ya mpira ambayo huungua upesi ikikosa maji. Injini ikinguruma, mchirizi wa maji utoke nyuma kwa nguvu na bila kukatika. Mpira huo huzeeka hata injini isipotumika, kwa hiyo ni busara kuubadilisha mara baada ya kununua. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo akipatikana, alipwe apime kila silinda: kwa injini ya silinda mbili, tofauti ikizidi takriban asilimia 10, pete za pistoni au silinda zimechoka. Kisha skrubu ya chini ya sanduku la gia ilegezwe kidogo. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamepenya. Ikiwa na chembe za chuma, gia zinalika.

Asili ya injini ina uzito wake. Maji ya Tanganyika si ya chumvi, na injini iliyotumika humu tangu mwanzo huwa haijaliwa na kutu kama iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Hiyo ya pwani hujulikana kwa unga mweupe kwenye vichwa vya skrubu, vibano vilivyoganda na njia za maji zilizozibwa. Rangi mpya iliyopakwa juu ya yote hayo ni sababu ya kuuliza zaidi.

Wizi wa injini za mashua ni malalamiko ya siku nyingi miongoni mwa wavuvi wa ziwa hili. Kibao cha namba kilichobanduliwa au kukwanguliwa kimtoshe mnunuzi kuondoka. Namba iliyopo iandikwe katika hati ya mauzo, na hati hiyo iwemo mashuani, hasa chombo kinapovuka mpaka.

Baada ya kununua, lipo jambo linaloamua kama fedha zimetumika vema. Injini kuu mara nyingi huzimika kwa sababu ya petroli: maji yaliyomo, uchafu, chujio lililoziba. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi miaka ya karibuni umewalazimu wengi kununua petroli ya madumu isiyojulikana ilikotoka. Injini ya akiba ikinyonya kutoka tangi lilelile, itazimwa na maji yaleyale. Iwe na dumu lake, mpira wake na chujio lake, na petroli iliyochujwa na kubadilishwa kila baada ya miezi michache, ile ya zamani ikamaliziwa katika injini kuu kama nayo ni ya mchanganyiko huohuo. Kwa injini nyingi za mipigo miwili, mchanganyiko ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli.

Injini ifungiwe mnyororo mbali na vibano vyake, na plagi za ziada pamoja na kamba ya kuwashia viwe katika mfuko usiopitisha maji. Mara moja kwa juma iwashwe majini kwa dakika kumi. Kisha mpira wa petroli uchomolewe ikiwa bado inanguruma, ili imalize yaliyomo ndani ya kabureta na kuzimika yenyewe.