Biafra na Maana ya Kutambuliwa

Katika Kiswahili, kutambua ni kukijua kitu kilichokwisha kuwapo. Katika diplomasia, kutambua huweza kukipa kitu uhai wake. Historia ya Biafra yatuonyesha tofauti hiyo.

Luteni Kanali Ojukwu aliitangaza dola hiyo tarehe 30 Mei 1967, baada ya Waigbo wengi kuuawa Kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966. Biafra ilikuwa na bendera, jeshi, na baadaye sarafu. Ilichokosa ni kukubaliwa. Mjini Cairo, mwaka 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeazimia kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Tanzania iliunga mkono azimio hilo. Hata hivyo, tarehe 13 Aprili 1968, ikawa ya kwanza kuitambua Biafra. Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba dola huwekwa kwa ajili ya watu, wala umoja haudumu pasipo ridhaa yao. Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zikafuata mwaka uo huo, na Haiti mwaka 1969. Ufaransa ilisaidia kwa silaha, lakini haikutambua.

Januari 1970 Biafra ilisalimu amri. Kushindwa huko hakukuijibu hoja ya Mwalimu; kulionyesha tu kwamba serikali nyingi za Afrika ziliihofia.