Peek Retina

Kibanio kidogo cha plastiki kinachovishwa kwenye kamera ya simu ili kupiga picha za retina na neva ya macho. Kilibuniwa na kundi la daktari wa macho Andrew Bastawrous pamoja na Mario Giardini wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti. Ugumu wake ni mwanga: taa ya simu iko pembeni mwa lenzi, na mboni ni tundu dogo, hivyo miale hugonga kando na ndani hubaki giza. Badala ya kuongeza lenzi, wabunifu waliweka prizimu, inayopinda miale ya taa ifuate njia ileile ya kamera. Suluhisho la werevu mkubwa. Mboni hupanuliwa kwanza kwa dawa ya matone. Majaribio yalifanyika Nakuru, Kenya, na matokeo kuchapishwa 2016.

Programu mwenza, Peek Acuity, hupima uwezo wa kuona. Ilijaribiwa katika shule 50 za msingi za Trans Nzoia, kaunti ya Kenya yenye makao makuu Kitale. Kati ya wanafunzi waliobainika kwa mfumo huo kuwa na tatizo la kuona na wazazi wao kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, asilimia 54 walifika hospitali. Kati ya waliobainika kwa njia ya kawaida, ni asilimia 22.