Kutoka barua ya kanda hadi sauti ya wakala

Thamesmead na kaseti ni karibu rika moja. Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti yake ndogo mjini Berlin mwaka 1963. Miaka mitano baadaye, 1968, wakazi wa kwanza waliingia katika majengo haya ya zege, yaliyojengwa juu ya vinamasi vilivyokuwa mali ya kiwanda cha silaha cha Woolwich. Waliochora ramani walikuwa bado wanayakumbuka mafuriko ya 1953, ndiyo maana katika majengo yale ya mwanzo chini hapakuwekwa vyumba vya kuishi, na watu walipita kwenye vijia vya juu.

Sisi tulioingia hapa katika miaka ya 90 tuliyakuta majengo yameshazeeka. Kaseti, hata hivyo, tulikuja nayo wenyewe.

Vijana wetu hawaijui barua ya kanda, basi tuwaeleze. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande. Upande wa kwanza ulikuwa wa mzee: salamu, habari za mvua, nani kaoa, nani katangulia mbele ya haki. Upande wa pili waligawana watoto na shangazi, naye jogoo wa jirani akichangia bila kualikwa. Kisha kanda ilifungwa ndani ya soksi na kukabidhiwa msafiri. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai walifanya vivyo hivyo na jamaa zao wa Unguja na Mombasa. Kwa mama asiyejua kusoma jambo hili lilikuwa kubwa kuliko tulivyofikiri wakati ule. Barua ya karatasi ilisomwa na mtoto wa jirani, na kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba fedha hazikutumwa. Kanda aliisikiliza peke yake, mlango umefungwa.

Baadaye zikaja kadi za simu za kukwangua, ambazo dakika zake ziliisha kabla salamu hazijakwisha. Hizo tuziache.

Mageuzi yalipita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy ukafuata 2010. Agosti 2013 WhatsApp ikaweka kitufe cha maikrofoni: bonyeza, sema, achia. Sisi wahandisi tunapenda hesabu, mtuvumilie. Sauti iliyobanwa kwa kiasi cha kilobiti 16 kwa sekunde huchukua kilobaiti 120 kwa dakika. Kanda nzima ya dakika 60, pamoja na jogoo, ingeingia katika megabaiti 7 na kidogo.

Sasa yamefika mawakala wa akili mnemba. Wakala ni programu inayopewa kazi na kuitekeleza yenyewe. Ukiandika "wakumbushe wanachama mchango wa mwezi", inatunga maneno, inayageuza kuwa sauti na kuyatuma. Tangu 2015 Telegram imeruhusu programu kuwaandikia watu, na ufundi wake ni mdogo: sauti ikifungwa kwa mtindo uitwao Opus, inafika kama ujumbe wa sauti wa kawaida, na vile vistari vyake vinavyopanda na kushuka. Katika ujumbe wenyewe msikilizaji haoni tofauti. Tena, kwa sampuli fupi tu, mashine inaweza kuiga sauti ya mtu anayejulikana.

Mjumbe si kitu kigeni kwetu. Redio Tanzania ilisoma salamu za kadi na matangazo ya vifo, na mtangazaji alisema maneno ya watu asiowajua. Lakini kila msikilizaji alijua kuwa yule ni mtangazaji. Hakuna aliyedhani kwamba marehemu alikuwa mjomba wa mtangazaji. Mjumbe wa leo anaweza kuvaa koo la aliyemtuma. Mama yule aliyefunga mlango alikuwa na uthibitisho mmoja tu kwamba ni mwanawe anayesema, nao ni sauti. Hana saini ya kukagua wala maandishi ya kulinganisha. Akiombwa fedha kwa sauti hiyo, atauza mbuzi.

Kwa hiyo chama chetu cha kuzikana kilipoletewa programu hii, mjadala ulikuwa mrefu, na baadhi yetu hatukukubaliana hadi chai ikapoa. Mhazini aliitaka, kwa kuwa anachoka kuwapigia watu simu usiku baada ya kazi, na ana haki. Tulichoafikiana ni hiki: mashine itakumbusha michango kwa sauti yake yenyewe, na maneno yake ya kwanza yatakuwa kwamba ni mashine. Sauti ya mwenyekiti haitaigwa, hata akiridhia. Habari ya msiba itatolewa na mtu kwa kinywa chake.

Katibu angali anatafuta sauti ya mashine inayoweza kutamka "ng'ambo" bila kuifanya "ngambo".