Nani Aamue, Nani Alipe: Historia ya Huduma za Jamii Nyanda za Juu Kusini

Historia ya huduma za jamii katika mikoa ya Mbeya na Iringa, yaani historia ya zahanati, shule, lishe ya watoto na misaada kwa kaya maskini, haielezeki bila kuutazama mvutano wa muda mrefu kati ya serikali kuu, chama tawala na vyombo vya utawala vya wilaya na vijiji. Katika nchi ya shirikisho kama Marekani, ambako katiba imegawa mamlaka kati ya serikali ya taifa na majimbo, mvutano wa namna hiyo hupiganiwa hadharani: Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, iliyotungwa wakati wa Rais Franklin Roosevelt, iliyaachia majimbo uamuzi wa kiasi cha msaada kwa familia maskini, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba jimbo halilazimishwi kupanua bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, na majimbo kadhaa yaliyoongozwa na chama cha Republican yakakataa upanuzi huo. Tanzania Bara haina majimbo ya namna hiyo. Halmashauri zake huundwa na sheria za Bunge, zimewahi kufutwa na kurudishwa, na kwa hiyo swali la nani aamue na nani alipe limejibiwa kwa namna tofauti karibu kila kizazi.

Jibu la kwanza lilitolewa na wakoloni. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alitunga sheria ya mamlaka za wenyeji, iliyouweka utawala wa Waingereza juu ya mabega ya machifu, na katika Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa, utawala wa ukoo wa Mkwawa ukarudishwa chini ya Sapi, mtoto wa Mtwa (chifu) Mkwawa aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kila mamlaka ya wenyeji ilipewa hazina yake, iliyobakiwa na sehemu ya kodi ya kibanda na ya kichwa, na fedha hizo ndizo zilizoendesha zahanati ndogo, shule chache na njia za vijijini. Pengo lililobaki lilizibwa na wamisionari, kama vile Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 na Wakatoliki wa Tosamaganga karibu na mji wa Iringa. Matokeo yake, huduma ilitegemea unene wa hazina ya chifu na umbali kutoka misheni, kiasi kwamba wilaya mbili jirani ziliweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Chama cha TANU, kilichoasisiwa Julai 1954, kilikusudia kuufuta utofauti huo. Mara baada ya uhuru utawala wa machifu ulifutwa kisheria, ingawa Chifu Adam Sapi Mkwawa mwenyewe alipanda katika siasa mpya na kuwa Spika wa Bunge, na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa zikachukua nafasi ya mamlaka za wenyeji. Baada ya katiba ya mwaka 1965 kuhalalisha mfumo wa chama kimoja, mpaka kati ya chama na serikali ulififia: mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa chama wa mkoa, na balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama aliyefanya pia kazi nyingi za serikali mtaani na kijijini. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikipa chama hicho lengo, yaani kupeleka maji, elimu na tiba kwa watu wa vijijini kwa usawa, na njia iliyochaguliwa ilikuwa kijiji cha ujamaa.

Iringa ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo mipaka ya njia hiyo ilionekana mapema. Katika tarafa ya Isimani, ambako wakulima wakubwa wa mahindi walikuwa wamejipatia mashamba mapana na matrekta, mpango wa ujamaa ulikumbana na upinzani, na tarehe 25 Desemba 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Miezi michache baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Mwaka huohuo ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, ambao, kinyume na jina lake, uliziondoa halmashauri za wilaya na kuwaweka wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya walioteuliwa na serikali kuu. Watumishi walisogezwa karibu na wananchi, lakini mamlaka ya kutoza, kupanga na kuwajibishana yalitoka mikononi mwa madiwani.

Si haki kuyasahau mafanikio ya kipindi hicho. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kujifunza, na vyoo vikachimbwa kwa wingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamuru elimu ya msingi kwa watoto wote. Hata hivyo huduma zilizoenezwa kwa amri zilisimama juu ya bajeti ya serikali kuu peke yake, na bajeti hiyo ilipodhoofishwa na bei ya mafuta, vita vya Kagera na kushuka kwa uchumi, zahanati zilibaki na kuta na mganga bila dawa.

Katikati ya unyonge huo ndipo Iringa ilipotoa somo ambalo dunia ililisoma kwa makini. Kati ya mwaka 1983 na 1988, mpango wa lishe uliosimamiwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, uliendeshwa kwanza katika vijiji 168 vya mkoa huo. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, katika siku ya afya ya kijiji, watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito, kila mmoja akining'inizwa kwenye mzani wa saa, na uzito wake ukaandikwa kwenye kadi yenye rangi tatu, ambapo kijani kilimaanisha mtoto anakua vizuri, kijivu kilikuwa onyo, na nyekundu ilimaanisha kwamba uzito uko chini ya asilimia 60 ya ule unaotarajiwa kwa umri wake.

Kilichoutofautisha mpango huo hakikuwa mzani bali safari ya takwimu. Majibu yalisomwa kwanza mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji, ambazo zilijiuliza kwa nini watoto fulani wamo kwenye nyekundu, zikaamua la kufanya kwa uwezo uliopo, kama vile kuanzisha kituo cha kulishia watoto au kuwapunguzia akina mama mzigo wa kazi, na ndipo taarifa ikapanda kwenye kata, tarafa na wilaya. Mtandao wa chama, ambao miaka kumi kabla ulitumika kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, safari hii ulitumika kuwaita kwenye mzani, na serikali kuu ikatoa utaalamu, mafunzo na vifaa. Katika vijiji hivyo utapiamlo mkali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 ya watoto hadi chini ya asilimia 2 katika muda wa takriban miaka minne.

Wakati huohuo halmashauri za wilaya zilikuwa zimerudishwa mwaka 1984 kwa sheria za mwaka 1982, lakini zilirudi msimu wa ukame wa fedha. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yalibana matumizi ya serikali, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama hospitalini. Sera ya ugatuaji wa madaraka ya mwaka 1998 iliahidi halmashauri uhuru zaidi, ila mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa, jambo lililowapumzisha wananchi na kuziacha halmashauri zikitegemea zaidi ruzuku. Misaada kwa kaya maskini, inayotolewa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulioanza mwaka 2000, hupangwa na kugharimiwa kutoka juu, ingawa mkutano wa kijiji hushiriki kuzitambua kaya hizo.

Mfumo wa vyama vingi uliorudi mwaka 1992 uliongeza swali jipya. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, chama cha upinzani cha Chadema kiliongoza Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa, lakini vyanzo vikubwa vya mapato vilikuwa vikipunguzwa kwa halmashauri zote nchini: kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, pigo lililosikika zaidi katika wilaya zinazoishi kwa mahindi, mpunga na viazi. Mpiga kura aliweza kubadili chama cha diwani wake, lakini hakuweza kubadili ukubwa wa mfuko aliokabidhiwa diwani huyo.

Matokeo ya historia hiyo yanapimika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30, na hili ni katika mkoa unaolisha mikoa mingine. Serikali imejibu kwa mikataba ya lishe inayosainiwa na wakuu wa mikoa, na kwa kuzitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo. Hatua hizo ni za maana, lakini zinashuka kutoka juu, ilhali miaka ya themanini ilithibitisha kwamba fedha za serikali kuu huzaa matunda pale kijiji kinapokuwa na haki ya kupima, kuuliza na kuamua. Sheria bado inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaosomewa mapato na matumizi. Viongozi wa Mbeya na Iringa, wa chama chochote, wahakikishe kwamba katika kila mkutano huo inasomwa pia idadi ya watoto waliodumaa, na kwamba kijiji kinaachiwa fedha ya kufanyia kazi jibu lake.